Wimbo Ulio Chini ya Wimbo

Mtu anayetafuta wimbo asioujua jina huanza kwa mdomo na kumalizia kwa mikono. Atakuambia kulikuwa na saksafoni, ataifuatisha kwa sauti ya puani, ataona haijakaa sawa, na hapo atainamia meza aigonge ili akuonyeshe mdundo ulivyokuwa ukienda. Ni jazi, atasema, lakini si jazi ya wazee. Chini yake kuna ngoma za mashine zinazojirudia. Mwimbaji hamjui. Maneno hayakuwapo, au yalikuwa machache, mwanamke akirudia kauli moja mpaka wimbo ukaisha. Aliusikia kwenye tangazo la gari, au kwenye ukumbi wa hoteli, au usiku redioni nyuma ya sauti ya mtangazaji aliyekuwa akisoma salamu. Mtangazaji hakuutaja, kwa kuwa kwake ule ulikuwa zulia tu la kutandikia maneno yake.

Muziki wa aina hii una ugumu wake wa pekee. Taarabu au bongofleva utaitafuta kwa maneno: ukikumbuka nusu ya ubeti, umeufikia wimbo mzima. Muziki wa dansi wa zamani utaufikia kwa bendi, kwa gitaa la solo, kwa sauti ya mwimbaji ambayo mtu wa rika lile ataitambua papo hapo. Jazi iliyochanganywa na mashine haina ubeti wa kushikilia. Tena, yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye jalada mara nyingi hakuimba wala hakupuliza chochote. Kazi yake ilikuwa kukaa na santuri za watu wengine, kusikiliza kwa subira, kukata kipande cha sekunde chache na kukizungusha mpaka kikawa wimbo mpya. Hiyo ni kazi ya sanaa, nami naiheshimu. Lakini inamaanisha kwamba wimbo mmoja una watu wawili ndani yake, mara nyingine watatu au wanne, waliopishana kwa miongo.

Hoja yangu katika sura hii ni moja. Kile ulichobaki nacho kichwani, ile kauli ya saksafoni au ile sauti ya mwanamke, mara nyingi si kazi ya prodyuza unayemtafuta. Ni ya mwanamuziki aliyetangulia, ambaye huenda alirekodi kabla hujazaliwa. Ukitaka jina la wimbo wa juu, shuka kwanza kwenye wimbo wa chini. Na ukishafika huko chini, utakuta mambo ambayo wimbo wa juu ulikuwa umeyaacha.

Chukua mfano huu. Saksafoni inaanza na kauli fupi inayozunguka, nyingine nene zaidi inaijibu, ngoma zinakimbia chini yake, na msikilizaji anajikuta anatikisa kichwa hata kama alikuwa na mambo yake. Wimbo huo ulitoka mwaka 1999. Jina lake ni Get a Move On, na aliyeutengeneza ni Mr. Scruff, yaani Andy Carthy, DJ wa Uingereza kutoka upande wa Manchester. Umo katika albamu yake Keep It Unreal, iliyotolewa na kampuni ya Ninja Tune ya London. Matangazo ya magari yaliuchukua, na kupitia matangazo hayo ukawafikia watu ambao hawajawahi kununua santuri ya muziki wa kielektroniki maishani mwao. Waliusikia, wakaupenda, tangazo likaisha, wakabaki wanaigonga meza.

Ile saksafoni imetoka katika kibao kinachoitwa Bird's Lament, cha mwaka 1969, katika albamu ya Moondog iliyotolewa na Columbia. Moondog ni jina alilojipa Louis Hardin, aliyezaliwa Kansas mwaka 1916, akapofuka akiwa kijana wa miaka 16 baada ya kulipukiwa na fataki ya baruti. Alifika New York miaka ya 1940, na kwa muda mrefu maisha yake yalikuwa kusimama kandokando ya Sixth Avenue, amevaa joho na kofia yenye pembe kama ya mashujaa wa kale wa Skandinavia, akiuza mashairi yake na muziki aliouandika kwa nukta nundu. Wapita njia wengi walimdhani ombaomba. Wanamuziki walijua zaidi, wakasimama kuzungumza naye, na kwa maelezo yake mwenyewe mmoja wao alikuwa Charlie Parker, mpiga saksafoni aliyeitwa Bird. Parker alifariki mwaka 1955. Kibao kile cha takriban dakika mbili ni maombolezo ya rafiki.

Msikilizaji akilijua hilo, wimbo wa tangazo la gari unabadilika masikioni mwake. Moondog alihamia Ujerumani miaka ya 1970, akafariki huko, mjini Münster, Septemba 1999, mwaka uleule ambao maombolezo yake yalikuwa yakianza kuzunguka klabu za Uingereza yakiwa na ngoma mpya chini yake.

Angalia sasa namna ya kumpata mtu kama huyo. Anayeuliza kwa kusema "wimbo wa kielektroniki wenye saksafoni" atazama katika maelfu. Anayesema "saksafoni mbili, moja ya juu na moja ya chini, zinajibizana, na sauti yao ni kavu kama ya rekodi ya zamani" amesogea sana, kwa sababu amekwisha kutenganisha tabaka. Amejua kwamba kipande kile kina umri mkubwa kuliko ngoma zilizowekewa. Ndiyo hatua ya kwanza ninayowashauri wote: funga macho, uirudie ile sauti kichwani, ujiulize kama saksafoni na ngoma zilirekodiwa chumba kimoja. Kama saksafoni ina mchakaricho wa santuri, au inakatika ghafla kila inaporudi mwanzo, au ina makofi ya watu nyuma yake huku ngoma hazina, basi unatafuta rekodi mbili.

Je, kumbukumbu yenyewe ni ya kuaminiwa? Ni ya kuaminiwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1994 mtafiti wa Marekani Daniel Levitin alichapisha utafiti ambamo aliwaomba watu 46, ambao hawakuteuliwa kwa ujuzi wa muziki, waimbe nyimbo za redio wazipendazo bila kuzisikiliza kwanza. Asilimia 40 yao waligonga sauti ileile ya rekodi angalau mara moja katika majaribio mawili, bila chombo chochote cha kuwaongoza. Miaka miwili baadaye yeye na Perry Cook walipima kasi ya uimbaji huo, wakakuta kwamba asilimia 72 ya uimbaji haukupishana na kasi ya rekodi kwa zaidi ya asilimia 8. Mtu wa kawaida, asiyejua noti hata moja, anabeba kasi ya wimbo kwa usahihi wa kushangaza.

Mwingine, Carol Krumhansl, aliwasikilizisha watu vipande vya nyimbo maarufu vya milisekunde 400, yaani chini ya nusu sekunde. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 2010: kwa zaidi ya robo ya vipande, wasikilizaji walitaja msanii na jina la wimbo. Katika muda huo hakuna kauli ya maneno wala ya muziki inayokamilika. Kilichowasaidia, yaelekea, ni rangi ya sauti: namna tarumbeta ile ilivyorekodiwa, mwangwi wa chumba kile, uzito wa besi ile. Kwa mtafutaji wa jazi ya kielektroniki hii ni habari njema kabisa, kwa kuwa rangi ya sauti ndiyo mali kubwa ya muziki huo. Maneno huna, lakini rangi unayo.

Kwa hiyo usianze kwa kusikiliza. Hili nalisisitiza kwa sababu karibu kila mtu hufanya kinyume. Akikumbuka wimbo hukimbilia kufungua nyimbo kumi zinazofanana nao, na ya kumi ikifika, ile aliyokuwa nayo kichwani imekwisha kuchanganyika na zile alizozisikia. Chukua simu kwanza, uimbe, ugune, upige mbinja, vyovyote vile, ujirekodi. Kisha gonga meza kwa mdundo unaoukumbuka, hesabu mapigo ya sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 80 au 90, unaelekea upande wa muziki wa polepole wa miaka ya 1990, wa besi nzito na tarumbeta ya mbali. Ukipata 120 au zaidi kidogo, ni muziki wa house. Ukipata 112 hivi, fikiria Afrika Kusini na amapiano. Ukivuka 170, ngoma zinazokimbia sana huku besi ikitembea taratibu, hiyo ni drum and bass ya Waingereza. Namba hiyo moja itakupunguzia msitu.

Baada ya hapo ndipo mashine zinapofaa, na inafaa kujua zinafanya nini, maana watu huzilaumu kwa kazi ambazo hazikuumbwa kuzifanya.

Shazam, huduma ya kutambua wimbo kwa simu, ilianza kutumika Uingereza mwaka 2002, kabla simu za kugusa hazijaenea. Ulipiga namba 2580, tarakimu za safu ya kati ya simu kutoka juu hadi chini, ukailekeza simu kwenye spika, baada ya sekunde 30 ikajikata yenyewe, kisha ukaletewa ujumbe mfupi wenye jina la wimbo. Namna inavyofanya kazi ilielezwa na Avery Wang, mmoja wa waanzilishi wake, mwaka 2003. Programu huugeuza muziki kuwa ramani yenye muda upande mmoja na unene au wembamba wa sauti upande mwingine. Kisha huacha karibu kila kitu, ikabakiza vilele tu, zile sauti zilizojitokeza juu ya nyingine. Vilele hivyo huunganishwa viwili viwili, na kinachohifadhiwa ni unene au wembamba wa sauti wa kila kimoja pamoja na muda ulio kati yao. Kelele za baa haziwezi kuvifuta vilele vyote, ndiyo maana simu yako hujibu hata watu wakiwa wanapiga makelele.

Lakini elewa alama hizo ni za nini. Ni za rekodi, si za wimbo. Bendi ileile ikipiga wimbo uleule jukwaani, vilele vinahama na mashine inanyamaza. DJ akiongeza kasi ili wimbo uungane na uliotangulia, umbali kati ya vilele unabadilika. Ukiimba mwenyewe, hakuna kilele hata kimoja kitakachokaa pake. Na kuna jambo la kuvutia: prodyuza akikichukua kipande cha zamani bila kukibadilisha sana, mashine inaweza kukuletea jina la santuri ya zamani badala ya wimbo uliokuwa ukiusikiliza. Wengi huona hilo ni kosa na kulipuuza. Lihifadhi. Umepewa wimbo wa chini bila kuuomba.

Kwa sauti ya mdomo zipo mashine nyingine. Google iliweka huduma ya kutafuta wimbo kwa kuuimba bila maneno mwaka 2020. Wazo lake la msingi ni la zamani: mwaka 1975 Mwingereza Denys Parsons alichapisha kitabu cha kutambulisha tuni kwa herufi tatu tu, sauti inayofuata imepanda, imeshuka, au imebaki palepale. Ilitosha kutenganisha maelfu ya tuni. Mbinu hiyo inafanya vizuri kwa nyimbo zenye tuni ndefu. Kwa wimbo wa kielektroniki wenye kauli ya noti tano inayojirudia dakika saba, ina kidogo cha kushika. Ushauri wangu: usiiimbie mashine ngoma wala besi. Iimbie ile kauli ya chombo cha kale peke yake, mara tatu nne mfululizo. Kauli hiyo ilikuwa tuni kamili mahali fulani kabla haijakatwa.

Na mashine zote hizi hazijamshinda mtu mzima mwenye santuri nyumbani. Nimemwona binti wa chuo akimchezea mjomba wake kwenye simu wimbo wa Cantaloop wa kundi la Us3.

"Mjomba, huu wa nani? Nauona kila mahali, jina sijui."

"Subiri kwanza. Hicho kinanda ni cha Herbie Hancock, mwanangu. Hao wanaoghani siwajui."

Alikuwa amepatia. Kinanda kile kimetoka katika Cantaloupe Island ya Hancock, iliyorekodiwa mwaka 1964 kwa kampuni ya Blue Note, Freddie Hubbard akiwa kwenye koneti, Ron Carter kwenye besi, Tony Williams kwenye ngoma. Us3 walikuwa kundi la London. Walianza kwa kuchukua vipande vya santuri za Blue Note bila ruhusa. Wenye santuri walipowagundua, badala ya kuwashtaki wakawafungulia ghala. Albamu yao ya mwaka 1993, Hand on the Torch, ikawa ya kwanza ya Blue Note kuuza nakala milioni moja Marekani. Hata ile sauti ya mtu anayewakaribisha wasikilizaji mwanzoni mwa wimbo ina mwenyewe: ni Pee Wee Marquette, mshereheshaji wa klabu ya Birdland ya New York, aliyerekodiwa Februari 1954 usiku ambao Art Blakey na wenzake walipiga pale. Mjomba alijua tabaka la 1964, binti alijua la 1993. Kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu, na wimbo ulitambulika kwa kuwa walikaa pamoja.

Nimefika sasa kwenye wimbo ulionifanya niandike sura hii. Unaanza na matoazi yanayotifuka kwa kasi, besi inaingia, kisha sauti ya mwanamke inawataka watu waungane, inarudia, inarudia tena, na tarumbeta na saksafoni zinapishana juu yake. Jina ni Rose Rouge, wa kwanza katika albamu Tourist ya mwaka 2000, kazi ya Mfaransa Ludovic Navarre anayejiita St Germain. Hoteli za dunia nzima zimeupiga, maduka ya nguo yameupiga, na wengi wanaoukumbuka wanakumbuka ile sauti tu. Walipouliza ni nani anaimba, wakajibiwa "St Germain", wakaridhika. Jibu hilo halitoshi.

Anayeimba ni Marlena Shaw. Kipande kilikatwa katika rekodi ya jukwaani, kwenye tamasha la Montreux, kando ya ziwa Geneva nchini Uswisi, mwaka 1973. Wimbo aliokuwa akiuimba unaitwa Woman of the Ghetto, naye aliurekodi kwanza studio mwaka 1969 katika albamu The Spice of Life, kwa kampuni ya Cadet ya Chicago. Si wimbo wa kupumbaza wageni wa hoteli. Ni mashtaka. Mwanamke anayeishi katika mtaa wa watu weusi masikini wa Marekani anasimama mbele ya watunga sheria na kuwauliza, bila kupepesa macho, mtoto hulelewa vipi katika hali ile waliyoiacha. Mwaka uliotangulia Martin Luther King alikuwa ameuawa na Chicago ilikuwa imewaka moto. Jukwaani Montreux aliurefusha, akaucheza na bendi, akazungumza na ukumbi, na katika kuzungumza huko ndimo Navarre alimopata sekunde zake.

Simlaumu Navarre. Aliuchagua mdomo uliokuwa na nguvu, na bila yeye watu wengi hawangelisikia jina la Shaw kamwe. Albamu yake ilitolewa na Blue Note, kampuni ileile iliyotoa rekodi ya Montreux, kwa hiyo kipande hakikutoka nje ya nyumba. Naye aliwaleta studio wanamuziki wa kupuliza na kupiga kwelikweli, akiwemo mpiga gitaa mkongwe wa Jamaika Ernest Ranglin katika wimbo Montego Bay Spleen. Ninachosema ni kwamba kukata kipande kumeondoa swali na kubakiza mwaliko. Mtafutaji anayeishia kwenye jina la St Germain amepata mwaliko. Anayeshuka hadi 1973, kisha 1969, amepata swali lenyewe, na swali hilo linaeleweka vizuri kabisa Mathare, Manzese au Katwe.

Wimbo huu una tabaka jingine tena. Mwaka 2020 Jorja Smith, mwimbaji wa Uingereza, aliuimba upya Rose Rouge katika albamu ya Blue Note Re:imagined. Maneno ambayo Shaw aliyatoa jukwaani, Navarre akayakata na kuyazungusha kwa mashine, Smith akayarudisha kinywani mwa mtu. Kijana aliyeusikia mwaka 2021 akimwimbia dada yake aliyeusikia mwaka 2001, watabishana, na wote watakuwa na haki. Mzozo wa namna hiyo ukiuona katika familia, usiufunge haraka kwa kumpa mmoja ushindi. Uliza kila mmoja aliusikia mwaka gani.

Sina budi kusema kwamba ziko nyimbo ambazo hazina santuri ya kushukia. Zilitengenezwa zitumike tu, hazikuwa na jalada wala mtangazaji. Mtu yeyote aliyewahi kupiga simu ofisini akaambiwa asubiri huenda ameisikia Opus No. 1: kinanda cha sintetiza kinachoelea, ngoma za mashine, mwendo mtamu ulio karibu na jazi laini. Ilitengenezwa mwaka 1989 na Tim Carleton, kijana wa miaka 16 wa Kalifornia, akiwa gerejini pamoja na rafiki yake Darrick Deel. Deel alikuja kufanya kazi Cisco, kampuni ya vifaa vya mawasiliano, na kibao cha rafiki yake kikawekwa kuwa muziki wa kusubiri wa simu zao za ofisini. Simu hizo zilienda duniani kote, na kibao kikaenda nazo, bila jina. Kwa miaka mingi watu waliukumbuka wimbo huu kwa kina kuliko nyimbo walizozinunua, na hawakuwa na pa kuuliza. Mwaka 2014 kipindi cha redio cha Marekani, This American Life, ndicho kilichowafuata vijana wale wawili, sasa watu wazima, na kuwatangaza.

Kuna pia nyimbo zilizochezwa mara chache redioni na kupotea. Wimbo wa roki wa sintetiza uliorekodiwa kwenye kanda kutoka redio ya kaskazini ya Ujerumani katikati ya miaka ya 1980 ulitafutwa na watu wa nchi nyingi kwa takriban miaka 17. Hakuna mashine iliyousaidia, kwa kuwa haukuwa umetolewa popote. Ulipatikana Novemba 2024: Subways of Your Mind, wa bendi ya FEX ya Kiel. Aliyeupata alipitia magazeti ya zamani ya eneo lile, akisoma habari za bendi ndogo zilizopiga huko, kisha akawaandikia wahusika. Wimbo huo hauna jazi ndani yake, lakini nautaja kwa ajili ya njia iliyotumika. Redio ilikuwa na eneo, eneo lilikuwa na bendi, bendi zilikuwa na gazeti.

Njia hiyo inatufaa sana sisi. Jazi ya kielektroniki inayosikika zaidi Nairobi na Dar es Salaam leo haitoki Paris wala London, inatoka Gauteng, Afrika Kusini. Amapiano ilikulia vitongojini huko, ikachukua mwendo wa deep house na kwaito na kuuwekea kodi za kinanda, yaani noti zinazopigwa pamoja, ambazo mpiga jazi yeyote atazitambua. Waafrika Kusini nao wanaujua wimbo wa chini: DJ Black Coffee, katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 2005, aliutengeneza upya Stimela wa Hugh Masekela, ule wa treni ya wachimba madini. Tatizo la amapiano ni kwamba unaisikia ndani ya miksi ya saa nzima kwenye matatu au daladala, kasi imeguswa, DJ anazungumza juu yake, na baadhi ya nyimbo zilizomo bado hazijatolewa rasmi. Hapo acha mashine, mfuate mtu. Usimuulize DJ "ule wimbo mtamu". Mwambie: kaka, katika miksi yako ya mwezi wa nane, dakika ya 40, baada ya ule wenye filimbi, ni upi? Mtu wa kazi ukimpa dakika, anakupa jina.

Na jina likikutana na remiksi, kuwa mwangalifu zaidi. Sinnerman ya Nina Simone iliyopigwa klabu mara nyingi ni ile aliyoifanyia kazi Felix da Housecat, iliyotoka mwaka 2003 katika mkusanyiko wa Verve Remixed 2. Ukimtafuta Simone peke yake utapata rekodi ya 1965 yenye dakika zaidi ya kumi, utaisikiliza, utasema siyo. Ndiyo. Ni hiyohiyo, bila zile ngoma ulizozizoea. Mpe nafasi.

Ombi langu kwako msomaji ni dogo. Utakapoupata wimbo wako, usiuache kwenye simu ukiwa na jina la faili lisilosomeka. Andika jina la prodyuza, jina la mwanamuziki wa kipande, mwaka na mji wa kila mmoja, umtumie yule uliyemsumbua kwa kugonga meza, na yeye umwombe afanye hivyo hivyo kwa anayefuata. Kwa Rose Rouge orodha hiyo ni Marlena Shaw, Chicago 1969. Marlena Shaw, Montreux 1973. St Germain, Paris 2000. Jorja Smith, London 2020. Shaw alifariki Januari 2024. Rekodi zake zote mbili zinapatikana. Isikilize ya 1969 kwanza, mpaka mwisho.